Shingo ya Doña Elieth

Romina Pagliaro alipohamia Los Jocotes hakuwa na nia ya kumfundisha mtu yeyote wa kijiji kile kukunja mgongo. Alitoka kwao Rosario, Ajentina, akiwa na talaka mbichi na begi moja, akaja pwani hii ya Kosta Rika kufundisha yoga kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Uswisi aitwaye Verena. Nyumba hiyo iko kilimani, ina ukumbi wa mbao usio na kuta, na wanaofika huko ni watu wa mbali wenye likizo ndefu. Romina mwenyewe alipanga kijumba cha uani kwa Doña, yaani Bibi, Elieth Matarrita, mama wa miaka sitini na ushee, mwenye mwili wa kutosha na mdomo usiochelewa.

Kila asubuhi, kabla ya kupanda kilimani, Romina alitandika mkeka wake kwenye kibaraza cha nyuma akafanya mazoezi yake mwenyewe. Doña Elieth alikuwa akiwamwagia kuku mahindi huku akimtazama, beseni likiwa kiunoni.

"Umedondosha nini?" alimuuliza siku moja, Romina akiwa ameinama, kichwa chini, makalio juu.

"Sijadondosha kitu, Doña Elieth."

"Sasa mbona unachungulia katikati ya miguu yako muda wote huo? Ukikipata utaniambia."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuzoeana. Romina hakuwa na mtu pale. Watu wa kilimani walikuja wakaondoka, na wanakijiji walimwita "yule Muajentina" kwa adabu ya mbali. Doña Elieth ndiye aliyemletea kahawa bila kuombwa, ndiye aliyemwambia nguo gani asivae akienda dukani, na ndiye wa kwanza kumwita mwanangu. Romina alikuwa na mama yake mzazi hai huko Rosario ambaye hajawahi kumwita hivyo. Siku ile alirudi ndani akakaa kitandani akalia kidogo, kisha akajicheka.

Baadaye mama huyo akaanza kulalamika kiuno. Kazi yake ilikuwa kuoka rosquilla, vile vipete vikavu vya mahindi na jibini, katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Kijiji kizima kilizijua. Lakini kukanda unga na kuinamia mdomo wa tanuri kulimmaliza, na asubuhi alishuka kitandani kama mlango wenye kutu.

"Hebu nionyeshe ile ya kunyoosha kiuno," alisema asubuhi moja, akitazama huku na huku. "Ila usiniletee miungu."

Alikuwa na sababu ya kutazama huku na huku. Mumewe, Don Wilberth, alikuwa mzee wa kanisa lile la kilokole lililo karibu na uwanja wa mpira, na yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa akina mama. Mchungaji Asdrúbal alishasema madhabahuni kwamba yoga ni ibada ya watu wengine, na kwamba anayeinama bila kumwinamia Mungu ajiulize anamwinamia nani.

"Haina miungu, Doña Elieth. Ni kujinyoosha tu."

"Basi kama haina, nafasi iko wazi. Nitamweka wangu."

Wakaanza. Don Wilberth akishakwenda kwa ng'ombe wake, na mkwe wao Yorleny, mke wa mtoto wao wa kiume, akishaondoka kufungua duka la vyakula alikoajiriwa, Doña Elieth alifunga geti, akavua kandambili, akalala kwenye mkeka. Romina alimwambia avute pumzi. Yeye alivuta huku akinong'ona zaburi. Wakati mwingine alisinzia katikati ya mkao, akaanza kukoroma, na Romina alimfunika shuka akamwacha. Kiuno kikalegea. Alishuka kitandani kama binadamu. Kijijini alisema ni mafuta ya mbuni aliyoletewa na dada yake, na watu wakaanza kumuulizia hayo mafuta.

Mambo yangeendelea hivyo, yao wawili, kama Romina asingefungua mdomo kule kilimani.

Msimu wa kiangazi ulikuwa unakaribia, wakati wageni wanapojaa, na Verena alitaka kubaki na mwalimu mmoja mkuu. Mwingine aliyekuwepo alikuwa binti wa Kimeksiko, Ximena, kijana, mwepesi kama kamba, ambaye kila mkao wake ulikuwa kama umechorwa. Wageni walimpenda. Romina alikuwa anakaribia arobaini na goti lake moja lililia likikunjwa. Siku ya kikao, Verena alisema anataka picha mpya za kutangaza nyumba, na kwamba wageni siku hizi wanapenda kuona yoga inawagusa na wenyeji, isiwe mambo ya wageni peke yao.

"Mimi nina mwanafunzi mwenyeji," Romina akasema.

Hakuwa amepanga. Neno lilitoka lenyewe, na aliliona likimulika uso wa Verena.

"Kweli? Mbona hukuniambia? Mlete siku ya picha!"

Jioni ile alimfuata Doña Elieth jikoni akambembeleza. Alimbembeleza vibaya, kwa kweli, maana alijua mama yule hawezi kumnyima kitu akimwona amekunja uso.

"Wakiniona?" Doña Elieth aliuliza.

"Nani akuone? Kule ni wageni watupu. Na picha zinakwenda ng'ambo."

"Na nitavaa nini? Au unataka niende na koti la kwaya?"

"Chochote, Doña Elieth. Nisaidie. Wasiponichukua itabidi nirudi kwetu."

Mama akaendelea kumenya mihogo. Halafu akasema, "Ningejua Waajentina mnalia hivi ningempangisha Mnikaragua," na Romina akajua amekubali.

Siku ya picha Doña Elieth alipanda kilima akiwa amevaa sketi yake ya kanisani, na ndani ya sketi suruali ya michezo ya Don Wilberth. Wageni walimpokea kama malkia. Alifanya yale waliyozoea nyumbani, taratibu, huku midomo yake ikicheza na zaburi, na mpiga picha, kijana mwenye ndevu kutoka mji mkuu, alizunguka akisema safi, safi kabisa. Romina alivimba kichwa. Alimwona Verena akitabasamu. Akamwona pia Ximena pembeni, amelala chali, akiinua miguu na kuipeleka nyuma ya kichwa hadi vidole vikagusa sakafu, polepole kama jani linaloanguka.

"Ule!" mpiga picha alisema. "Ule mkao wa miguu nyuma ya kichwa. Mama anaweza? Hiyo ndiyo itakuwa picha."

Ximena akakaa upesi. "Hapana," alisema, "huo si wa kuanza nao. Shingo inabeba mwili wote."

Pengine kama angesema mtu mwingine, Romina angesikiliza. Lakini alikuwa Ximena.

"Anaweza," Romina akajibu. Akamwinamia Doña Elieth. "Unaweza, eti?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye unayejua," mama akasema, akalala chali.

Romina alimshika vifundo akamwinua miguu. Sketi iliporomoka, suruali ya Don Wilberth ikaonekana, wageni wakacheka kwa mapenzi, na Doña Elieth naye akacheka. Miguu ikapita juu ya tumbo, ikapita juu ya kifua. Hapo kicheko kikaisha. Kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna mwingine pale angeisikia, Doña Elieth akasema, "Mwanangu, shingo."

Romina alisikia.

Hilo ndilo aliloshindwa kujidanganya nalo baadaye. Aliweza kujiambia kwamba hakujua, kwamba alikuwa na haraka, kwamba mama yule ana mifupa migumu. Lakini alisikia. Vidole vya miguu vilikuwa vimebakiza upana wa kiganja kugusa mbao, na mpiga picha alikuwa amepiga goti.

"Kidogo tu, mama. Kidogo tu," akasema, akasukuma kwa kiganja.

Vidole viligusa sakafu. Pumzi ya Doña Elieth ilikatika kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kamera ikalia. Wageni wakapiga makofi.

Walipomshusha alikaa kitako muda, akipanga sketi yake, akitabasamu kila upande. Njiani wakishuka alikuwa ameshika shingo.

"Una nini?"

"Upepo umeniingia. Kule juu kuna upepo."

Kesho yake hakuweza kuinua mkono wa kulia. Shingo iliganda upande mmoja, na kutoka bega hadi kidole gumba alihisi kama chungu wanatembea. Daktari wa zahanati alisema mshipa umebanwa, akampa vidonge na kola ya kitambaa ya kufunga shingoni, akamkataza tanuri.

Romina aliporudi kutoka kilimani alikuta jirani, Nuria, yuko jikoni amesimama mikono kiunoni. Nuria alikuwa mwenzake Doña Elieth kanisani, na hakuna habari iliyompita bila kumsalimia.

"Ee Mungu wangu! Imekuwaje tena?"

Doña Elieth hakupepesa jicho. "Nimeteleza pale kwenye karo la kufulia. Miguu juu, kichwa chini, kama kuku anayechinjwa."

Akamtazama Romina, mara moja tu, akarudisha macho kwa Nuria. Romina alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani. Na kilichomtoka mdomoni kilikuwa hiki: "Pole sana, Doña Elieth." Kama mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Hata sauti aliipandisha mwishoni, kwa mshangao.

Usiku ule hakulala, na aliyoyakumbuka hayakuwa mkono wala shingo. Alikumbuka ile pole.

Kazi aliipata. Verena alimwita ofisini amwonyeshe picha kwenye kompyuta, na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile. Doña Elieth alikuwa chini, amekunjwa, uso umeiva kwa damu, macho yamefumbwa kwa nguvu. Juu yake alikuwa Romina, kiganja juu ya mapaja ya mama, meno yote nje.

"Usiitumie hiyo," Romina akasema.

"Kwa nini? Tazama furaha hiyo!"

"Verena, anaumia."

Verena akasogeza miwani, akaangalia tena. "Mimi naona anacheka," alisema. Lakini Romina hakuondoka mle ofisini mpaka ilipofutwa. Kisha akapokea funguo za ukumbi kama mwalimu mkuu, akapita mbele ya Ximena aliyekuwa anafunga virago vyake, na Ximena akamwangalia tu mikono.

Siku zilizofuata Romina alifanya kila kazi aliyoiona. Alifua, alifagia, alichota maji ya kuku, alipika wali na maharage vibaya. Doña Elieth alikaa kwenye kiti cha bembea na kola yake shingoni, akigeuza mwili mzima kila alipotaka kumtazama mtu. Don Wilberth alijaribu tanuri mwenyewe. Rosquilla zikatoka nyeusi kama vifungo vya koti, na akazipeleka dukani hivyo hivyo bila aibu.

"Acha kunitazama kama umeniona kwenye jeneza," Doña Elieth alimwambia Romina. "Mimi bado nakula."

"Doña Elieth, kuhusu ile siku..."

"Siku gani? Hebu nipe hicho kisu."

Mara mbili alijaribu, mara mbili akaombwa kisu. Mtu mwenye akili angeelewa. Romina alielewa kwamba mama anamwonea huruma, na huruma hiyo ikamchoma kama mwiba wa samaki.

Jumamosi moja alasiri kanisa likaja kumwombea mgonjwa. Walikuja Mchungaji Asdrúbal na mkewe, Nuria, na akina mama wa kwaya waliojaza sebule na kibaraza cha mbele. Yorleny alikuwa anapitisha kahawa na mikate ya mahindi mabichi. Romina naye aliitwa, akakaa karibu na mlango na kikombe mapajani. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu na kwa uzuri. Alimshukuru Mungu aliyezuia lile karo lisimuue mtumishi wake.

Amina ilipokwisha, Nuria akavuta pumzi.

"Mimi nasema tu," alisema, "lile karo lina utelezi wa kijani tangu mvua zilipoanza. Nyumba yenye mwanamke kijana mwenye mikono miwili, mama mzima anateleza?"

Macho yote yakamwendea Yorleny. Alikuwa binti mnyamavu, mumewe yuko San José kwenye kazi za ujenzi, na sinia lilikuwa mikononi mwake.

"Hata mimi nimemwambia," Don Wilberth akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyokusudia. "Nilimwambia apige brashi pale. Vijana wa siku hizi wana simu, hawana brashi."

Watu wakaguna. Yorleny akainamisha kichwa. "Nisameheni, baba," alisema.

Romina akahisi damu inampanda hadi masikioni. Alimtazama Doña Elieth, na Doña Elieth alikuwa anakoroga kahawa yake kwa mkono wa kushoto, hana wasiwasi wowote. Romina hakuliona hilo la kutokuwa na wasiwasi. Aliona binti asiye na hatia, na akaona mlango umefunguliwa mbele yake, mlango wa kutokea. Akasimama.

"Si kosa la Yorleny," akasema. "Hakuteleza. Ni mimi."

"Romina," Doña Elieth akasema.

"Hapana, Doña Elieth, niache niseme, siwezi tena. Hakuteleza kwenye karo. Alikuwa na mimi kule kilimani kwa Verena. Kwenye yoga. Nilimkunja mimi. Aliniambia shingo inauma, nikasikia, nikasukuma. Kwa ajili ya picha."

Mtu mmoja aliweka kikombe mezani.

Angeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini machozi yalikuwa yameshaanza, na pamoja na machozi maneno. Alisema mama wa watu ni mwema mno, amemfichia. Alisema tangu mvua zianze walikuwa wakifanya pamoja kwenye kibaraza cha nyuma, kila asubuhi geti likiwa limefungwa, na kwamba kiuno hakikupona kwa mafuta ya mbuni, na kwamba zaburi alikuwa anaomba kweli, haikuwa ibada ya kitu kingine. Aliyatoa yote. Na kadiri alivyoyatoa alihisi mwili unakuwa mwepesi, mwepesi kabisa, mpaka alipofuta macho na kuwaona.

Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa wanamtazama Doña Elieth.

Mama yule, kwa kuwa hakuweza kuinamisha shingo, alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Uso wake ulikuwa umeiva kuliko siku ile kilimani. Mke wa mchungaji alifunika mdomo. Mama mmoja wa kwaya alimnong'oneza mwenzake, "Suruali?" ingawa Romina hakukumbuka kutaja suruali; labda alikuwa ameitaja. Don Wilberth alimgeukia mkewe polepole.

"Kila asubuhi?" alimuuliza. "Mimi nikitoka tu?"

 Doña Elieth alisema, kwa adabu na bila kupandisha sauti, "Romina, maliza kahawa yako, uende."

Na Romina, kwa kuchanganyikiwa, aliimaliza kweli. Alisimama katikati ya sebule ile akanywa kahawa hadi mashapo, watu wakimsubiri, akaweka kikombe, akatoka.

Kanisa halikumfukuza Doña Elieth. Mchungaji alisema tu kwamba kwa sasa, kwa ajili ya afya yake, uongozi wa akina mama utashikwa na Nuria. Dukani vijana walimwita mwanasarakasi. Mzee mmoja muuza samaki alimuuliza kama bado ana mafuta yale ya mbuni, akacheka hadi akakohoa. Hayo yote alikuwa na majibu yake. Mdomo wake haukuumia. Aliyemshinda ni Don Wilberth, aliyekuwa akila, akishukuru kwa chakula, akaenda kukaa na ng'ombe mpaka giza.

Romina alivumilia siku kadhaa kisha akaenda jikoni, akasimama karibu na jiko, hakuthubutu kukaa.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Umeshaomba. Mbele ya kwaya nzima."

"Nilikuwa siwezi kumwacha Yorleny abebe kosa langu."

Doña Elieth akageuza mwili wote ili amtazame vizuri.

"Yorleny," alisema, "anajua tangu wiki ya kwanza ulipoanza kunilaza pale nje. Nguo zangu anafua nani? Suruali ya Wilberth alinitolea yeye. Siku ile niliporudi shingo imepinda nilimweleza yote, akasema, mama, sema umeteleza, na wakiniuliza nitasema sikusugua. Tulicheka mpaka bega likaniuma. Alisema yeye kutukanwa na Nuria ni sawa na kunyeshewa, atakauka."

Romina alitafuta kiti cha kushika.

"Mimi sikujua."

"Hukuuliza! Ungenibonyeza mguu. Ungesema Doña Elieth, njoo mara moja uani. Nilikukatiza mara mbili, mwanamke mzima, ulidhani kweli nataka kisu?"

"Nilidhani unanihurumia. Unanificha mimi."

"Nikufiche wewe?" Doña Elieth alicheka kicheko kifupi, kisicho na utamu. "Wewe ungefanywa nini? Ungesemwa wiki moja, ukarudi kwenu. Nilikuwa najificha mimi. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho, ukimtoa Yorleny, hakuna mtu alikuwa anakijua, saa moja asubuhi, geti limefungwa. Sikutaka kimwagwe sebuleni pamoja na kahawa. Nimeishi na Wilberth miaka yote hii, ndiyo mara ya kwanza ananitazama kama mgeni. Shingo umeivunja kwa bahati mbaya. Hili la pili umelifanya ukiwa umesimama, unajisikia mzuri."

 Romina alijua sasa kwamba hata machozi yangekuwa matusi, akayameza.

"Nihame?" aliuliza.

"Uhame ili niseme nini tena? Kaa. Ila usiniletee wali wako."

Akakaa. Kilimani aliendelea kufundisha, maana kazi ilikuwa hiyo, lakini hakumgusa mtu tena. Wageni walilalamika kwamba mwalimu mkuu anasimama mbali, mikono nyuma, anasema tu fanyeni mnavyoweza. Verena alianza kumuulizia Ximena aliko. Kwenye kibaraza cha nyuma hakutandika mkeka tena. Aliona haya hata mbele ya kuku. Mazoezi yake aliyafanya chumbani, kati ya kitanda na kabati, magoti yakigonga mbao, na mara nyingi aliishia kukaa tu.

Don Wilberth alirudi mwenyewe, polepole. Alianza kwa kumfunga mkewe kola asubuhi, kwa vidole vyake vinene, bila neno. Baadaye wakasikika wakigombana kuhusu moto wa tanuri, na Yorleny akamwambia Romina kwamba ugomvi ni dalili nzuri. Mkono wa Doña Elieth ulirudi mpaka usawa wa bega, ukagoma hapo. Zahanati ikampa rufaa kwa mtaalamu wa viungo mjini, na Yorleny ndiye aliyekuwa akimsindikiza.

Asubuhi moja mlango wa kijumba ukagongwa. Doña Elieth alikuwa nje, amevaa gauni la safari, mkoba umening'inia mkono wa kushoto.

"Yorleny ana homa. Vaa, unibebee huu. Basi haliningojei."

Romina alivaa kama mtu aliyeitwa kuzima moto. Ndani ya basi hawakuongea. Mjini, chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa: wazee na magongo, mama mmoja na mguu kwenye plasta, dereva wa lori aliyejifunga mkanda kiunoni. Kwa kuwa zamu zilikuwa ndefu, kila mtu alikuwa anamuuliza mwenzake kilichomleta.

"Na wewe bibi, shingo imefanyaje?" dereva akauliza.

Romina alitazama sakafu. Alisubiri karo, au upepo.

"Yoga," Doña Elieth akasema kwa sauti ya kufika hadi dirisha la dawa.

"Yoga!"

"Yoga, baba. Mimi, kwa umri huu, na suruali ya mume wangu. Miguu yangu ilipita hapa," akaonyesha kwa mkono mzima, "ikafika kule nyuma. Mimi mwenyewe nilijiona nyayo."

Chumba kikachangamka. Mama wa plasta akasogeza kiti. Doña Elieth akawaeleza kilima, wageni, mpiga picha mwenye ndevu, sketi ilivyoporomoka. Alisimulia vizuri kuliko ilivyotokea. Watu walicheka wakishika mahali panapowauma.

"Na nani alikukunja hivyo?" dereva akauliza, akifuta macho.

"Huyu hapa," Doña Elieth akasema. "Aliyeshika mkoba."

Wote wakageuka. Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua kidogo kidogo, kila mtu kwa wakati wake, jinsi walivyomwona. Romina alihisi uso unawaka hadi kwenye mizizi ya nywele. Midomo yake ikafunguka. Alikuwa na mengi: kwamba anajuta, kwamba alisikia neno lile, kwamba hakuna siku inayopita.

"Wewe nyamaza," Doña Elieth akamwambia, bila ukali. "Hii ni yangu. Nasimulia mimi."

Romina akafunga mdomo. Akaukumbatia mkoba mapajani, akakaa hivyo, wakimtazama, huku Doña Elieth akiendelea na habari ya mchungaji na kahawa iliyonywewa hadi mashapo, na mama wa plasta akisema jamani, jamani, mpaka jina la Matarrita lilipoitwa mlangoni.

Romina akainuka amfuate.

"Kaa hapo," Doña Elieth akasema, akaingia peke yake.